Kupima kasi ya hali ya kwantamu kwenye Hamiltoniani isiyo ya Hermite: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila nikikaa na vijana wa fizikia hapa Tanga, iwe Makorora au Chumbageni, lazima mmoja anioneshe simu aniambie "mwalimu, hali imefika kabla ya muda, kikomo cha kasi kimevunjika." Ukikagua hesabu yake unakuta kikomo kipo salama kabisa, kilichokosewa ni fomula ya kasi, au ukubwa wa vekta, au amelinganisha vitu viwili visivyolingana. Makosa ni yaleyale, kwa hiyo nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, na namba zake, mtu ajikague mwenyewe.

Historia naiacha. Maneno matatu tu: Hamiltoniani ni matriksi inayoendesha hali mbele. Ni ya Hermite kama haibadiliki ukigeuza safu zake kuwa nguzo na kubadili alama ya j, na isiyo ya Hermite inaruhusu hali kuvuja au kuongezewa. Kikomo cha kasi ni muda mfupi kabisa ambao hali inaweza kuhama kwenda nyingine. Tunapiga hesabu.

Unachohitaji

- Simu au laptopu yenye Python. Google Colab inatosha na inafunguka kwenye brauza ya simu, ila bando iwepo maana ikikatika katikati unaanza upya.
- NumPy na SciPy. Colab vimo tayari, huna haja ya kuvipakua.
- Daftari na kalamu. Usiidharau hii, kuna hatua mbili utazielewa kwa kalamu tu.
- Kujua namba changamano na matriksi za 2 kwa 2. Kama bado, anza huko kwanza, huku utateseka bure.

Tunatumia ħ = 1. Maana yake nguvu ya muunganiko s ikiwa ni radiani kwa mikrosekunde, muda wako unatoka kwa mikrosekunde. Mimi naweka s = 1.

Hatua ya 1: Andika matriksi na uipime kabla ya kufanya chochote

Mfano wetu ni kubiti moja, hali mbili, naziita 0 na 1. Zimeunganishwa kwa nguvu s. Hali 0 inavuja kwa kiwango γ (kwenye kodi naiandika g), hali 1 inaongezewa kwa kiwango hichohicho.

```
import numpy as np
from scipy.linalg import expm

s, g = 1.0, 0.8
H = np.array([[-1j*g, s], [s, 1j*g]], dtype=complex)
print(np.linalg.eig(H)[0])
```

Jibu linatakiwa liwe 0.6 na −0.6, maana thamani za aigeni (namba za nishati za matriksi) hapa ni ±√(s² − γ²), na 1 toa 0.64 ni 0.36. Kwenye skrini unaweza kuona kijisehemu cha kufikirika kidogo mno pembeni, kipuuze.

Onyo, na hili linawaua wengi: usitumie eigh. Ile imetengenezwa kwa matriksi za Hermite tu, inachukulia sehemu ya kufikirika ya mshazari kuwa sifuri na haikupi onyo lolote, inanyamaza tu. Utaona imekupa 1 na −1, ukadhani mambo safi, kumbe imefuta γ yote na sasa unapiga hesabu ya mfumo mwingine kabisa. Ukiona 1 na −1, rudi hapa.

Hatua ya 2: Isukume hali mbele

```
hali0 = np.array([1, 0], dtype=complex)
muda = np.linspace(0, 2, 2001)
ghafi = [expm(-1j*H*t) @ hali0 for t in muda]
n = np.array([np.vdot(x, x).real for x in ghafi])
```

Kwa nini expm na sio vihatua vidogovidogo vya kuzidisha dt? Kwa sababu vile vihatua vinaingiza makosa yao kwenye ukubwa wa vekta, na kwenye mfumo huu ukubwa unabadilika wenyewe kihalali, sasa utashindwa kujua lipi ni badiliko la fizikia na lipi ni uchafu wa hesabu. Kwa nini tusitumie vekta za aigeni? γ ikiikaribia s zile vekta mbili zinasogeleana mpaka zinaungana kuwa moja, na kugeuza matriksi yake kunaanza kutoa takataka. expm haina shida hiyo.

Tumia vdot, sio dot. vdot inageuza alama ya j kwenye vekta ya kwanza, dot haifanyi hivyo, na bila hiyo ukubwa wako unatoka hata hasi.

Sasa angalia n, yaani mraba wa ukubwa wa vekta. Inaanza 1, inashuka, inagusa 0.556 kwenye t kama 0.536, halafu inapanda tena. Kushuka huko sio kosa. Hamiltoniani ya Hermite ingeshikilia 1 mwanzo mwisho, hii haishikilii, na usijaribu kuilazimisha.

Hatua ya 3: Rudisha ukubwa uwe 1, lakini kwa wakati wake

```
hali = [x/np.sqrt(k) for x, k in zip(ghafi, n)]
p0 = np.array([abs(x[0])**2 for x in hali])
```

Sababu ni kwamba uwezekano wa kuikuta kubiti kwenye 0 au 1 unasomwa kwenye vekta yenye ukubwa 1. Ukisoma moja kwa moja kwenye vekta ghafi, utapata vituko. Ongeza muda mpaka 3 uangalie sehemu ya pili ya vekta ghafi: karibu na t = 2.618 mraba wake unafika 2.78. Uwezekano wa 2.78! Kuna mtu aliniletea grafu ya hivyo ameipaka rangi vizuri na mhimili umeandikwa "uwezekano", na hakuna aliyemuuliza.

Ila n usiitupe. Ihifadhi kwenye safu yake, tutaihitaji mara mbili huko mbele, na ya mwisho ndo muhimu kuliko zote.

Hatua ya 4: Soma muda wa kufika

Tafuta pale p0, uwezekano wa kuikuta kubiti kwenye 0, inapokuwa ndogo kuliko kote. Kwa γ = 0.8 utapata 1.072 au 1.073 kutegemea kompyuta imeangukia wapi, na p0 hapo iko chini ya 0.000001.

Hakiki kwa kalamu. Chukua α = arcsin(γ/s), hapa ni 0.9273, tena ω ni tofauti ya thamani mbili za aigeni, 1.2. Muda wa kutoka 0 kwenda 1 ni (π − 2α)/ω, yaani 1.0725. Zikipishana kwa zaidi ya kihatua kimoja cha muda wako, kuna kitu umekosea huko juu, usiendelee.

Fomula hii ni ile ya Bender, Brody, Jones na Meister ya mwaka 2007, ambayo ndo iliwasha mjadala wote wa kwenda haraka kuliko Hermite.

Hatua ya 5: Kasi yenyewe

Hapa ndo penye kazi, twende taratibu.

Kwenye mfumo wa Hermite kasi ya hali ni ΔE, mtawanyiko wa nishati, na haibadiliki muda wote wa safari. Unaipima mara moja pale mwanzo, basi. Kikomo cha Mandelstam na Tamm cha mwaka 1945 kinasema kufika kwenye hali iliyo wima kwake (isiyo na sehemu yoyote ya ile ya mwanzo, kama 1 kwa 0) kunachukua angalau π/(2ΔE). Sasa kijana anachukua hali0 yetu, anapiga ΔE anapata 1, anapata kikomo 1.571, anaangalia muda wake 1.0725, anapiga kelele kikomo kimevunjika.

Hakijavunjika. Ile 1 ni kasi ya pale mwanzo tu. Huku kasi inabadilika njiani.

Fomula sahihi ya kila nukta ya muda ni hii: zidisha H kwa hali yenye ukubwa 1, chukua mraba wa urefu wa hicho ulichopata, toa mraba wa ukubwa wa wastani wa H, halafu kipeuo cha pili.

```
def kasi(x):
    y = H @ x
    return np.sqrt(np.vdot(y, y).real - abs(np.vdot(x, y))**2)

v = np.array([kasi(x) for x in hali])
```

Ona nilivyofanya: nimechukua y na y yake, sio x na H mara H. Hiyo ya pili ndo iliyopo vitabuni kwa mtawanyiko wa kawaida, na kwa Hermite zote mbili zinatoa jibu moja kwa hiyo watu hawajawahi kuona tofauti. Huku tofauti ni kubwa. Chukua t = 0.536, katikati ya safari. Fomula sahihi inatoa 1.8. Ile ya H mara H inatoa 0.6. Mara tatu! Na ubaya wake, pale mwanzo kabisa zote mbili zinatoa 1, kwa hiyo ukijaribu kwenye t = 0 peke yake utaamini uko sawa.

Ukitaka kuelewa 1.8 inatoka wapi chukua daftari. Hali yetu muda wote ina sura ya cos φ kwenye 0 na −i sin φ kwenye 1, φ inaanza nyuzi 0 na kufika ni nyuzi 90. Weka hiyo kwenye mlinganyo wa Schrödinger, toa badiliko la ukubwa, kinachobaki ni

φ′ = s + γ sin 2φ

Mstari mmoja tu huo na jambo zima limo ndani yake. φ ikiwa 0 kasi ni s. Nyuzi 45 kasi ni s + γ, yaani 1.8. Nyuzi 90 inarudi s. Uvujaji wa hali 0 unaisaidia hali kuhama, ndo maana inakimbia katikati ya njia, na mimi naomba kila anayesoma hii aupige mwenyewe ule mlinganyo hata kama itamchukua jioni nzima, kwa sababu ukishautoa kwa mkono wako hakuna atakayekudanganya tena kuhusu kasi hizi.

Kipimo cha haraka cha kujikagua: zidisha n kwa v kila nukta. Kwa mfano huu jibu ni 1 muda wote, mfano 0.556 mara 1.8. Ikitoka 1 kwenye safu nzima, hatua ya 2 mpaka ya 5 ziko salama. Ikianza 1 halafu ikapotea njiani, karibu hakika umetumia ile fomula ya H mara H.

Hatua ya 6: Kikomo, kwa mpangilio wake

Kikomo halali ni umbali gawa kwa kasi ya wastani. Umbali kati ya hali mbili zilizo wima ni π/2. Kwa hiyo jumlisha v mara dt kuanzia mwanzo mpaka muda wa kufika:

```
k = p0.argmin()
print(np.sum(v[:k]) * (muda[1]-muda[0]))
```

Utapata 1.571 au karibu yake sana. Yaani π/2 kamili. Jumla hiyo haiwezi kuwa chini ya umbali, na hapa imelingana nao, maana yake hali imepita njia fupi kuliko zote, haikuzunguka. Kasi ya wastani ni 1.465, na π/2 gawa kwa 1.465 inakurudisha 1.0725. Kikomo kimeguswa. Hakikuvukwa.

Kwenye mifumo mikubwa zaidi ya kubiti moja mara nyingi jumla itazidi umbali, ni kawaida, njia imepinda tu. Ikiwa chini ya umbali ndo ujue una kosa.

Halafu swali la "haraka kuliko nini?" Ukilinganisha na mfumo wa Hermite wenye s = 1 ileile, wenyewe unafika kwa 1.571. Ukilinganisha na mfumo wa Hermite wenye tofauti ya aigeni ileile ya 1.2, wenyewe unafika kwa 2.618. Zote mbili ni kweli, ila 2.618 inaonekana ya kuvutia zaidi kwa sababu tu γ imezibana zile thamani za aigeni zikasogeleana. Ukiandika ripoti sema umeshikilia nini. Mimi nakushauri ushikilie s, ndo kitu ambacho mtu wa maabara anaweza kukigeuza kwa mkono.

Hatua ya 7: Piga safari ya kurudi

Wengi wanaishia hatua ya 6, na hapo ndo wanapoondoka na picha nusu.

Badilisha hali0 iwe [0, 1], ongeza muda mpaka 5 kwa nukta 5001, endesha tena yote. Safari hii unatafuta pale p0 inapokuwa kubwa kuliko kote, iguse 1. Utapata 4.163. Kwenda 1.07, kurudi 4.16! Jumla 5.236, ambayo ni 2π/ω, wakati mfumo wa Hermite wenye s = 1 unakwenda na kurudi kwa 3.142 tu.

Ni sawa na ngalawa ya Sahare inayotoka na maji yakimbiayo: kutoka inateleza, kurudi inapambana na mkondo uleule, na muda unaopoteza kurudi ni mwingi kuliko uliookoa kutoka.

Mlinganyo wetu unakuonesha pale inapokwama. Kurudi φ inatoka nyuzi 90 kwenda 180, na kwenye 135 ile sin inakuwa −1, kasi inabaki s − γ, yaani 0.2. Chora v uone bonde lenyewe. Na hapohapo n inafika 5, kwa sababu n mara v lazima iwe 1.

Sasa weka g = 1.0. Bonde linagusa sifuri. Hali inaikaribia nyuzi 135 na haiivuki kamwe, na hiyo ndo nukta ambapo thamani mbili za aigeni na vekta zake zimekuwa kitu kimoja. Kwenda bado unafika, t = 1 kamili. Kurudi hakuna, kwa hiyo kompyuta ikikupa "muda wa kurudi" kwa γ = 1 au zaidi, imekupa tu nukta ya mwisho ya safu yako, usiiandike.

Hatua ya 8: Lipa gharama

Mpaka hapa tumesema hali 1 inaongezewa. Kwenye maabara nyingi za kubiti hakuna kuongezewa, kuna kuvuja tu. Hali 0 inavuja mara mbili ya kiwango, hali 1 haivuji, na yale majaribio ambayo kubiti imevuja yanatupwa. Njia ya hali yenye ukubwa 1 inabaki ileile, muda uleule, kasi ileile. Kinachobadilika ni n tu: unaizidisha kwa e^(−2γt).

Kundi la Kater Murch pale Washington University, St. Louis, lilifanya hivi kwa saketi ya superkondakta mwaka 2019: ngazi tatu za nishati, hali mbili za juu ndo kubiti, moja yao inavujia ngazi ya chini, na wanabakiza majaribio ambayo hayajavujia chini.

Kwa mfano wetu pale unapofika n ni 1 tena, kwa hiyo sehemu inayosalimika ni e^(−2γt) yenyewe. Endesha kwa γ kadhaa, unatakiwa upate hivi:

- γ = 0: muda 1.571, inasalimika yote
- γ = 0.2: muda 1.398, inasalimika asilimia 57
- γ = 0.6: muda 1.159, asilimia 25
- γ = 0.8: muda 1.073, asilimia 18
- γ = 1: muda 1.000, asilimia 13.5
- γ = 2: muda 0.760, asilimia 4.8

Safari ya kurudi kwa γ = 0.8 inasalimika asilimia 0.13. Yaani karibu hakuna.

Kwa γ zaidi ya 1 ile fomula ya α haifanyi kazi tena, arcsin itakataa. Tumia κ = √(γ² − s²), na muda wa kwenda ni artanh(κ/γ) gawa kwa κ.

Sasa piga hesabu moja ya mwisho ambayo karibu kila aliyeniletea kazi hakuipiga: gawa muda kwa sehemu inayosalimika. Huo ndo wastani wa muda wa kupata jaribio moja lililofanikiwa, kama unagundua kuvuja mwishoni mwa kila jaribio. γ = 0.8 inatoa karibu 5.97. γ = 2 inatoa karibu 15.9. Ile ya Hermite isiyovuja hata kidogo ni 1.571 palepale.

Kwa hiyo kwenye ripoti yako andika safu tano, usipunguze hata moja: γ, muda wa kwenda, muda wa kurudi, jumla ya v mara dt, na asilimia inayosalimika. Mtu akikuletea muda peke yake bila hiyo asilimia, mrudishie aende akaijaze.